Kumpima Mgonjwa wa Kiharusi Kabla ya Kumtoa Kitandani

Kiharusi huja kwa njia mbili. Katika ile inayotokea mara nyingi zaidi, damu iliyoganda huziba mshipa na sehemu ya ubongo hukosa oksijeni. Katika ile nyingine mshipa hupasuka na damu huvujia ndani ya ubongo au juu yake. Kwa nje matokeo hufanana: mkono na mguu wa upande mmoja havina nguvu, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki au hayaeleweki. Mgonjwa akishavuka saa za mwanzo, muuguzi na mtaalamu wa fiziotherapia hukabiliwa na swali la vitendo: je, anaweza kukalishwa leo, kwa msaada wa watu wangapi, na ni kitu gani kinaweza kumdhuru wakati anainuliwa?

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mgonjwa akiinuliwa mapema zaidi atapona vizuri zaidi. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa AVERT, uliohusisha wagonjwa 2,104 katika nchi 5. Walioanza kuinuliwa ndani ya saa 24, tena mara nyingi na kwa nguvu, walikuwa na matokeo mabaya kidogo baada ya miezi 3 kuliko waliohudumiwa kwa kawaida. Wapo waliousoma utafiti huo kama ruhusa ya kumwacha mgonjwa alale wiki nzima. Sivyo. Kulala muda mrefu huleta nimonia, damu kuganda miguuni na vidonda vya mgandamizo. Kilichobadilika ni kwamba siku ya kwanza na ya pili si za pupa: mgonjwa hupimwa kwanza, kisha huinuliwa kwa vipindi vifupi kadiri vipimo vinavyoruhusu.

Kabla ya kumgusa

Kazi huanza kwenye faili. Hutafutwa aina ya kiharusi, kama picha ya CT imepigwa. Dawa anazotumia, hasa za presha na za kuzuia damu kuganda. Maagizo ya daktari kuhusu kulala au kuinuka. Na magonjwa ya zamani kama kisukari, moyo na mifupa iliyowahi kuvunjika. Katika hospitali nyingi za wilaya picha ya CT haipo, na aina ya kiharusi hubaki haijulikani. Hapo mipaka ya presha iliyowekwa na daktari ndiyo hufuatwa, wala haibuniwi nyingine kando ya kitanda.

Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku huwa na habari ambazo faili halina. Je, mgonjwa alipaliwa alipokunywa maji? Alijaribu kushuka kitandani peke yake? Mkojo unatoka, na kwa mpira au bila mpira? Ndugu naye huulizwa swali moja lenye faida kuliko mengine yote: wiki moja kabla ya kuugua, mgonjwa alikuwa akifanya nini mwenyewe? Mzee ambaye kwa miaka mingi alitembea kwa fimbo na kushikwa mkono akienda msalani hawezi kupangiwa lengo la kutembea bila msaada, na mama aliyekuwa akilima shamba lake hadi jana yake hapaswi kupangiwa lengo dogo la kukaa tu.

Sukari ya damu hupimwa hata kama mgonjwa hajulikani kuwa na kisukari. Sukari iliyoshuka chini ya 4 mmol kwa lita inaweza kuiga kiharusi kwa udhaifu wa upande mmoja na maneno yaliyochanganyika, nayo hutibika palepale.

Fahamu na lugha

Kipimo cha Glasgow, kilichotangazwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, hutazama mambo matatu: kufumbua macho (alama 4), maneno (alama 5) na mwitikio wa viungo (alama 6). Jumla ya juu ni 15, ya chini ni 3, na anayepata 8 au pungufu huhesabiwa kuwa yuko katika hali ya hatari. Jumla ikishuka kwa alama 2 au zaidi tangu kipimo kilichopita, daktari huitwa na shughuli za kumwinua husimama.

Kwa mgonjwa wa kiharusi kipimo hiki kina mtego wake. Aliyeumia upande wa kushoto wa ubongo anaweza kuwa macho, akamtambua mkewe na kujua yuko hospitali, lakini asiweze kutoa neno. Alama yake ya maneno huwa ndogo, na jumla humfanya aonekane mahututi kuliko alivyo. Kwa hiyo alama tatu huandikwa kila moja peke yake, na mwitikio wa viungo hupimwa kwenye upande usiopooza.

Uelewa hupimwa kwa amri fupi bila ishara ya mkono wala ya macho, kwa sababu mgonjwa mwenye akili timamu husoma ishara na kuficha kwamba maneno hayajaeleweka. “Fumba macho.” “Toa ulimi.” “Shika mkono wangu.” Amri hii ya mwisho peke yake haitoshi: kiganja kinaweza kufumba chenyewe kinapoguswa. Amri inayothibitisha uelewa ni ile inayofuata, “Achia.” Maswali huulizwa pia kwa lugha ya nyumbani. Mtu anayejua lugha mbili si lazima apoteze zote kwa kiasi kimoja, na bibi anayenyamaza akiulizwa kwa Kiswahili anaweza kujibu vizuri kwa Kisukuma au Kidigo. Kabla ya kuandika kwamba mgonjwa haelewi, huhakikishwa kwanza kwamba anasikia.

Presha, mapigo, pumzi na oksijeni

Presha hupimwa kwenye mkono usiopooza, mgonjwa akiwa ametulia, na mkono huohuo hutumika kila siku ili namba zilinganishwe. Pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima bila kumtangazia, maana anayejua anahesabiwa hubadili jinsi anavyopumua. Utafiti wa AVERT uliweka mipaka ambayo wodi inaweza kuanzia nayo: presha ya juu kati ya 110 na 220, mapigo kati ya 40 na 110 kwa dakika, oksijeni zaidi ya asilimia 92, joto chini ya nyuzi 38.5. Kwa aliyevuja damu kwenye ubongo, daktari huweka kikomo cha presha kilicho chini zaidi, nacho ndicho hufuatwa.

Kuhusu oksijeni lipo jambo linalowahusu moja kwa moja wagonjwa wa Afrika. Kifaa kinachobanwa kidoleni husoma rangi ya damu kupitia ngozi, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika kwa kifaa hicho ulikutwa karibu mara 3 zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Namba ya 93 kidoleni kwa mgonjwa anayehema haraka haipaswi kumtuliza mtu. Pua zinazopanuka, misuli ya shingo inayojikaza kwa kila pumzi na mgonjwa anayeshindwa kumaliza sentensi ni dalili zenye uzito kuliko namba ya kifaa.

Kumeza

Hakuna sehemu ya tathmini inayorukwa mara nyingi kama hii, na hakuna inayoua kimyakimya kuliko hii. Ndugu huja asubuhi na chupa ya chai au uji mwepesi na huona huruma kumwacha mgonjwa na njaa. Lakini kitu chepesi ndicho hukimbilia njia ya hewa kwa urahisi zaidi, na kilichoingia mapafuni huwa nimonia baada ya siku chache. Hadi kumeza kupimwe, hakuna kinachopita mdomoni: si maji, si dawa, si kijiko kimoja cha uji. Katazo hilo huelezwa kwa ndugu kwa maneno wanayoyaelewa, na kibao huwekwa juu ya kitanda, kwa sababu ndugu wa jioni siye aliyeelezwa asubuhi.

Kipimo hufanywa kwa mgonjwa aliye macho tu, aliyekaa wima akiwa ameegemezwa mito pande zote mbili. Mdomo husafishwa kwanza. Hutazamwa kama mate yanadondoka upande mmoja, kama anaweza kukohoa akiambiwa, na sauti yake ikoje anaposema “aaa”. Kisha hupewa kijiko cha chai cha maji, mara 3, huku vidole viwili vya mpimaji vikiwa vimewekwa kwa wepesi shingoni ili kuhisi koo likipanda na kushuka. Baada ya kila kijiko husema tena “aaa”. Kukohoa, kupaliwa, kubadilika kwa pumzi au sauti inayokoroma kana kwamba kuna maji kooni ni sababu ya kusimama hapohapo. Vijiko vikipita salama, hupewa maji mililita 90 kwenye kikombe ayanywe mfululizo. Akishindwa, daktari huarifiwa ili mpira wa kulishia ufikiriwe, na kipimo hurudiwa siku inayofuata.

Kugusa nyuma ya koo kwa kijiti ili kuona kama mgonjwa atataka kutapika si kipimo cha kumeza, ingawa bado hufanywa. Wapo wazima wasio na mwitikio huo, na wapo wagonjwa wenye nao ambao humeza vibaya. Wapo pia ambao maji huingia mapafuni bila hata kikohozi kimoja. Homa inayopanda siku ya tatu au ya nne kwa mgonjwa aliyefaulu kipimo humrudisha kwenye kipimo hicho.

Ngozi

Mgonjwa hugeuzwa ubavu na nguo hufunuliwa. Hutazamwa sehemu ambazo mfupa uko karibu na ngozi: chini ya kiuno juu ya matako, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, nyuma ya kichwa. Vitabu vingi husema hatua ya kwanza ya kidonda cha mgandamizo ni wekundu usiopotea ukibonyezwa. Maelezo hayo yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Kinachoonekana ni eneo lililozidi weusi, au lenye rangi ya zambarau, au linalong’aa; na mara nyingi mkono hugundua kabla ya jicho. Mgongo wa kiganja hupitishwa juu ya mfupa na kulinganishwa na ngozi ya pembeni: penye joto zaidi, ugumu zaidi au ulaini kama wa ndizi iliyopondeka, hapo kidonda kimeanza hata kama ngozi haijafunguka.

Kipimo cha Braden hujumlisha mambo 6, miongoni mwao unyevu, lishe na uwezo wa kujigeuza, na jumla yake ni kati ya 6 na 23. Alama 18 au pungufu humaanisha hatari. Wagonjwa wengi wa kiharusi waliopooza upande mmoja huangukia humo, kwa hiyo kuwageuza kila baada ya saa 2 hakungoji alama.

Mkono na mguu

Kabla ya kuinua kiungo chochote hutazamwa kilivyolala. Bega la upande uliopooza hulegea, na uzito wa mkono hulivuta chini. Vidole hupapasa ukingo wa mfupa wa bega: pakiwa na nafasi ya kuingia kidole kimoja au viwili kati yake na kichwa cha mfupa wa mkono, bega limeshuka. Tangu hapo ni marufuku kumvuta mgonjwa kwa mkono huo wala kumwinua kwa kwapa. Maumivu ya bega yanayowasumbua wagonjwa hawa kwa miezi huchochewa sana na namna hiyo ya kuwashika.

Mashavu ya miguu yote miwili hulinganishwa kwa macho, kwa mkono na kwa futi ya kamba. Mguu uliovimba, wenye joto na maumivu, au ulioupita mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, hutiliwa shaka kwamba damu imeganda ndani yake. Mguu huo haukandwi wala haufanyishwi mazoezi hadi daktari auone. Onyo hili lina maana hasa pale ambapo ndugu tayari wameshaanza kuuchua kwa mafuta ya moto.

Nguvu ya misuli hupimwa kwa ngazi 0 hadi 5. Ngazi 0 hakuna mtikisiko wowote. 1 msuli unacheza bila kiungo kusogea. 2 kiungo husogea kikitelezeshwa juu ya godoro. 3 kinainuka dhidi ya uzito wake. 4 kinahimili kusukumwa kidogo. 5 ni nguvu kamili. Inayobadili mpango wa siku ni ngazi 3 ya goti na nyonga, kwa kuwa mguu usioweza kuinuka wenyewe kutoka godoroni hauwezi kutegemewa kusimama. Ukakamavu hupimwa kwa kukunjua kiwiko au goti kwa haraka na kuhisi panapokwama. Katika siku za mwanzo viungo vingi hulegea kabisa. Ukakamavu huja baadaye.

Hisia huguswa kwa ncha ya pamba, macho yakiwa yamefumbwa, pande zote mbili kwa kupokezana. Kisha kidole gumba cha mguu hushikwa pembeni na kusogezwa juu au chini, na mgonjwa huulizwa kimeelekea wapi. Asiyejua kidole chake kiko wapi atakanyaga kwa ubavu wa mguu bila kujua, hata kama nguvu ipo.

Upande uliosahauliwa hugunduliwa kwa kalamu na karatasi. Mgonjwa huchorewa mstari na kuombwa atie alama katikati. Anayepuuza upande wa kushoto hutia alama kuliani mwa katikati. Dalili nyingine iko kwenye sahani: amekula wali wa upande mmoja tu na analalamika hakushiba.

Kumkalisha na kumsimamisha

Vipimo vikiruhusu, hatua ya kwanza ni kumgeuza kwa ubavu. Hutazamwa anachofanya mwenyewe kabla ya kusaidiwa. Msaidizi anayekimbilia kumnyanyua hupata mgonjwa aliyekaa, lakini hajui mgonjwa anaweza nini.

Akishakaa ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili hugusa sakafu. Kitanda kikiwa kirefu huwekwa kigoda chini ya nyayo. Presha hupimwa baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, au akisema anaona giza, hulazwa tena. Usawa wa mwili hupimwa kwa utaratibu: je, anaweza kukaa bila kushika kwa nusu dakika? Anaweza kunyoosha mkono mzima kufikia kikombe kilicho mbele kidogo? Anaweza kutazama nyuma ya bega? Wapo wanaojisukuma kwa mkono mzima kuelekea upande uliopooza, na wakisahihishwa hupinga kwa nguvu wakidhani wanaangushwa. Hao hawasimamishwi na mtu mmoja.

Wakati wa kusimama msaidizi hukaa upande uliopooza, goti lake likilizuia goti la mgonjwa lisikunjike, na mikono yake ikishika nyonga na mgongo. Pasipo mkanda wa kuhamishia, kanga iliyokunjwa na kufungwa imara kiunoni hutoa mshiko bora kuliko kushika nguo au kwapa. Kusimama kwa sekunde 30 kwa uzito uliogawanyika sawa ni mafanikio ya kutosha kwa siku moja. Maumivu ya kifua, jasho la ghafla, mapigo yanayokwenda hovyo au udhaifu ulioongezeka husitisha kila kitu.

Kazi za kila siku

Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965 na Florence Mahoney na Dorothea Barthel, hupima shughuli 10 kama kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni na kupanda ngazi, na jumla yake hufika 100. Swali lake ni mgonjwa anafanya nini kwa kweli, si anaweza nini akilazimishwa. Ni kipimo kizuri, ila kilibuniwa kwa nyumba zenye bafu, ngazi na choo cha kukalia. Mgonjwa anayerudi kijijini anaweza kupata alama 90 na bado akashindwa kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, kuinuka kutoka kwenye mkeka au kukaa kwenye kigoda jikoni. Shughuli hizo huandikwa pembeni ya fomu na kupimwa kwa vitendo wodini, mkeka ukitandikwa sakafuni. Anayeswali huulizwa pia kuhusu kurukuu na kusujudu; mara nyingi hilo ndilo lengo analolitaka kuliko kutembea.

Hali ya moyo wake haiachwi nje. Karibu theluthi moja ya waliopona kiharusi hupata sonona, na wodini huitwa uvivu au ukaidi. Mgonjwa anayelia bila sababu, asiyelala, anayekataa chakula alichokuwa akikipenda, huandikwa na kuripotiwa kama anavyoripotiwa mwenye homa.

Kuandika na kukabidhi

Maneno kama “anaendelea vizuri” hayamsaidii anayeingia zamu. Huandikwa kilichoonekana: “Amegeuka ubavu wa kulia mwenyewe. Amekaa dakika 10 kwa msaada wa mtu 1. Presha 150/90 amelala, 142/88 amekaa. Kumeza: amepaliwa kijiko cha pili, hapewi chochote kwa mdomo. Kisigino cha kushoto kina joto.” Mistari hiyo husomwa kwa sauti wakati wa kukabidhiana zamu, na idadi ya wasaidizi wanaohitajika kumhamisha huandikwa pia kwenye kibao cha kitandani ili hata mhudumu wa usafi asimvute kwa mkono uliopooza.

Kabla ya kuruhusiwa vipimo vyote hurudiwa, na ndugu atakayemtunza humhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti mbele ya muuguzi, si kwa kuelezwa tu. Asiyeweza kuchuchumaa hutafutiwa kiti cha mbao kilichotobolewa cha kuwekwa juu ya tundu la choo, jambo ambalo fundi seremala wa mtaani hulimaliza kwa siku moja. Tarehe ya kupimwa tena huandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa, na kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu hurudi katika miezi 3 ya mwanzo, tarehe hiyo haipaswi kuvuka wiki 2.